Muundo unaohesabika na muundo unaosimama: maswali ninayoulizwa Kigoma

Kazi yangu ni kukagua michoro na majengo hapa Kigoma, na jioni mbili kwa wiki nakaa na vijana wa ufundi wanaojiandaa na mitihani. Maswali yafuatayo yananirudia kila mwaka, mengine kutoka kwao, mengine kutoka kwa mafundi wa Mwanga na Ujiji, machache kutoka kwa wenye nyumba walioona ufa. Sikuyapanga kwa ugumu. Yako jinsi yalivyonijia.

Shikamoo mhandisi. Hii "ditamineti" ni nini, kwa lugha ya mtu aliye saiti?

Marahaba. Anza na mafiga, yale ya jikoni, si ya kampeni.

Chungu kikikaa juu ya mafiga matatu, kila figa lina mzigo wake, na mzigo huo unapatikana ukijua mambo mawili tu: chungu kina uzito gani na mafiga yamekaa wapi. Hujali figa hili ni jiwe la mtoni na lile ni tofali bovu. Huo ni muundo wa ditamineti. Sheria za msawazo peke yake zinamaliza hesabu.

Ongeza figa la nne. Milinganyo ya msawazo imebaki mitatu, visivyojulikana vimekuwa vinne. Huenda figa jipya limepungua unene wa kucha na halibebi chochote. Huenda limezidi kidogo, chungu kikawa kinakalia mawili yanayotazamana na kuyumba juu yake. Sasa ili kujua nani anabeba nini, lazima ujue urefu wa kila figa na namna linavyobonyea likikandamizwa. Hapo umeingia kwenye inditamineti. Inahesabika pia, ila msawazo hautoshi. Unahitaji habari za umbo na za mali yenyewe.

Mama yeyote mpika mawese anajua kwa nini mafiga ni matatu.

Milinganyo mitatu inatoka wapi?

Muundo uliochorwa kwenye karatasi unaweza kukimbia kwa njia tatu: kwenda kushoto au kulia, kwenda juu au chini, na kuzunguka. Kila njia ina mlinganyo wake wa kuizuia. Ukitoka kwenye karatasi ukaingia kwenye jengo lenyewe, njia zinakuwa sita: mielekeo mitatu ya kusogea na mihimili mitatu ya kuzungukia. Chungu chetu juu ya mafiga kilitumia mitatu kati ya hiyo sita: ule wa juu au chini, na miwili ya kuinama.

Nahesabuje kenchi?

Darasani herufi ni m kwa fito (yaani kila kipande cha mbao au chuma kati ya fundo na fundo), r kwa nguvu za maegemeo (mahali muundo unapokalia), na j kwa mafundo (mahali fito zinapokutana). Kila fundo linakupa milinganyo miwili. Kwa hiyo linganisha m + r na 2j.

Kenchi ndogo ya nyumba ya kawaida: mbao mbili za juu zinazokutana kileleni, mbao ya chini yenye vipande viwili, na kinguzo cha katikati. Fito 5, mafundo 4. Upande mmoja umefungwa, unatoa nguvu mbili. Upande wa pili unaruhusiwa kuteleza, unatoa moja. 5 + 3 = 8, na 2 × 4 = 8. Ditamineti. Ongeza mikono miwili inayotoka chini ya kinguzo hadi katikati ya mbao za juu: fito zinakuwa 9, mafundo 6, na 9 + 3 = 12. Bado ditamineti.

Ikizidi 2j, kilichozidi ndicho kiwango cha inditamineti. Ikipungua, usipande juu yake.

Kanuni hii inaitwa ya Maxwell, kwa kuwa James Clerk Maxwell aliiandika mwaka 1864, ingawa August Möbius wa Ujerumani alimtangulia mwaka 1837. Inachukulia kwamba kila fundo ni bawaba. Fundo la misumari sita kwenye mbao mbili kwa nne si bawaba kamili, na ugumu huo mdogo ndio umeokoa kenchi nyingi ambazo kwa hesabu zilipaswa kulala. Msitegemee. Msumari unalegea mbao ikikauka, na mbao za siku hizi zinafika saiti zikiwa mbichi.

Nilipata 13 + 3 = 16, mafundo 8, sawasawa. Mwalimu kaandika "haisimami". Kwa nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na nikiwa na saa moja tu ya kufundisha ningeitumia hapa.

Chora kenchi bapa yenye miraba mitatu mfululizo. Fito za juu 3, za chini 3, za kusimama 4, na mshazari mmoja ndani ya kila mraba: jumla 13. Mafundo 8, maegemeo nguvu 3. Iko sawa na inasimama. Sasa hamisha mshazari wa mraba wa katikati, uupeleke mraba wa kwanza, uwe na mishazari miwili iliyopishana. Hesabu imebadilika? Hapana. Fito ni zilezile 13. Lakini mraba wa kati umebaki mtupu, na mraba mtupu wenye bawaba pembeni ni kasha la kiberiti lisilo na njiti: ukilibonyeza linalala.

Mraba wa kwanza umeshiba kupita kiasi, wa katikati ana njaa, na jumla ya chakula inaonekana inatosha. Hesabu ya fito haijui chakula kimekwenda kwa nani.

Kuna ubaya zaidi. Weka mizigo sawa juu ya mafundo mawili ya ndani, mmoja kushoto, mmoja kulia. Nguvu ya kukata (ile inayotaka kushusha upande mmoja wa mraba na kupandisha mwingine) katika mraba wa kati inakuwa sifuri, kwa hiyo mraba ule hauombi mshazari wowote. Kwenye karatasi unaona kila kitu kimetulia. Paa likikaa na mzigo uliolingana pande zote, linaweza kukudanganya. Siku fundi anapanda na mzigo wa bati upande mmoja tu, au upepo wa ziwani unavuta upande mmoja, nguvu ya kukata inatokea pale katikati na haina pa kwenda.

Mtihani wa kujipima: ondoa mizigo yote, halafu jiulize kama fito zinaweza kuwa na nguvu ndani yake na bado kila fundo likawa kwenye msawazo. Ikiwa m + r ni sawa na 2j, jibu sahihi ni moja tu: sifuri kila mahali. Kwenye kenchi yetu mbovu, mraba wenye mishazari miwili unaweza kujikaza wenyewe, mishazari ikivuta na fito za pembeni zikikandamizwa, bila mzigo wowote kutoka nje. Ukiona hivyo, ujue mahali pengine kuna mraba wenye njaa.

Maegemeo yakitoa nguvu tatu si yanatosha?

Idadi inatosha, mpangilio huenda hautoshi. Weka boriti juu ya rola tatu. Nguvu tatu, zote za kwenda juu. Isukume kwa kidole kutoka pembeni: inaondoka kama toroli.

Hali ya pili haionekani upesi. Nguvu tatu zina mielekeo tofauti, lakini mistari yake ukiirefusha inakutana nukta moja. Hakuna hata moja yenye momenti (yaani nguvu ya kuzungusha) kuizunguka nukta hiyo, kwa hiyo muundo uko huru kuizunguka. Utazunguka kidogo kabla haujashika, na katika kushika huko nguvu zinaweza kuwa kubwa mno. Chora mistari ya maegemeo kwa penseli kabla ya kuanza kuhesabu. Ni kazi ya nusu dakika.

Mnara wangu wa tenki unatikisika. Nguzo ni nene. Tatizo nini?

Unene wa nguzo unahusu kubeba. Kutikisika kwako kunahusu kusimama.

Tenki la lita 5,000 likijaa ni tani 5 za maji pale juu. Utazame mnara kwa upande mmoja: nguzo mbili, boriti moja ya juu, na kila kiungo kimefungwa kwa bolti moja tu, hivyo kinazunguka. Fito 3, mafundo 4, maegemeo mawili ya bawaba yanatoa nguvu 4. Jumla 7, inahitajika 8. Pengo ni moja, na mshazari mmoja unaliziba. Ukiweka nguzo za nusu mita kila upande bila mshazari, pengo liko palepale.

Usisahau upande wa pili wa mnara, ule usioutazama. Nimeona minara yenye mshazari mbele na nyuma, pembeni mitupu.

Lakini jengo la zege halina mishazari, na linasimama.

Kwa sababu viungo vyake si bawaba. Nondo za boriti zimeingia ndani ya nguzo na zege limemwagwa pamoja, kwa hiyo kiungo kinapitisha momenti. Kila kipande sasa kina visivyojulikana vitatu badala ya kimoja, na kila fundo linatoa milinganyo mitatu. Linganisha 3m + r na 3j + c, ambapo c ni idadi ya bawaba ulizoweka kwa makusudi.

Fremu ya nguzo mbili na boriti moja, miguu imekazwa: 9 + 6 dhidi ya 12, inditamineti ya kiwango cha 3. Miguu ikiwa bawaba: kiwango cha 1. Ongeza bawaba moja katikati ya boriti: sifuri, ditamineti. Jengo la ghorofa nne linafika viwango vingi sana, na ndiyo maana njia ya kugawa momenti aliyoichapisha Hardy Cross mwaka 1930 ilipokewa kama mvua ya kwanza. Wahandisi walikuwa wanatatua milinganyo mingi kwa penseli.

Angalizo kwa mafundi: ukikata nondo za juu za boriti pale zinapoingia kwenye nguzo ili "zisisumbue", umegeuza kiungo kuwa bawaba bila kumwambia aliyechora. Ukifanya hivyo mara za kutosha, jengo linakuwa mnara wa tenki.

Nina boriti juu ya nguzo tatu. Nguzo ya kati nimeipa nusu ya mzigo. Nimekosea?

Umekosea, tena upande wa hatari.

Tuseme nafasi kati ya nguzo na nguzo ni mbili, mita 4 kila moja, na mzigo ni kilonyutoni 10 kwa mita, karibu tani moja kwa kila mita. Jumla ni 80. Ikiwa ni boriti mbili tofauti zinazokutana juu ya nguzo ya kati, kila moja ni ditamineti, na nguzo ya kati inapata 40. Lakini boriti ikiwa moja isiyokatika, nguzo ya kati inapata 50 na za pembeni 15 kila moja. Robo ya ziada imeongezeka juu ya ile 40, na msingi wa pale hauna habari.

Momenti nayo inahama. Kwenye boriti mbili, kubwa iko katikati ya kila nafasi, 20, na nondo zinatakiwa chini. Kwenye boriti moja, 20 hiyo iko juu ya nguzo ya kati na inavuta upande wa juu. Fundi akiweka nondo nene chini tu, ufa utafunguka juu ya nguzo.

Sasa ongeza udongo. Nguzo ya kati ikititia, boriti mbili tofauti zinainama tu na kufuata. Momenti zake hazibadiliki. Boriti moja inapinga. Kadiri nguzo inavyozama, ndivyo inavyojivua mzigo na kuzirudishia zile za pembeni. Ikizama hadi isibebe kitu, unabaki na boriti ya mita 8 yenye momenti ya 80 katikati, mahali ulipopanga nondo za kazi ndogo. Ukijenga kwenye mchanga wa kandokando ya ziwa, au kwenye mteremko uliochimbwa nusu na kujazwa udongo nusu kama viwanja vingi vya hapa, swali la kwanza ni kama nguzo zako zote zitazama sawa.

Hofu hiihii ndiyo iliyomfanya Mjerumani Heinrich Gerber achukue hataza mwaka 1866: boriti ndefu ya daraja akaikata kwa bawaba mahali alipochagua, ikawa ditamineti, misingi ikawa huru kutitia kidogo. Nafasi tatu zinaruhusu bawaba mbili. Zote mbili ndani ya nafasi ya kati, sawa. Moja kila nafasi ya pembeni, sawa. Mbili ndani ya nafasi moja ya pembeni, umetengeneza mnyororo. Hesabu, kama kawaida, itasema sawa mara zote tatu.

Basi ditamineti ni bora?

Inategemea unaogopa nini.

Ukiogopa kutitia, joto na mkato mbaya wa mbao, ditamineti ni rafiki. Haijali. Ukiogopa kipande kimoja kuvunjika, ditamineti ni hatari, kwa sababu kila kipande ni cha lazima. Tarehe 15 Desemba 1967 daraja la Silver Bridge juu ya mto Ohio, Marekani, lilianguka na watu 46 wakafa. Lilining'inizwa kwa mnyororo wa vyuma bapa vyenye matundu, viwili tu kwa kila kiungo cha mnyororo. Kimoja kilikatika kwenye tundu. Mzigo haukuwa na njia nyingine.

Muundo wa inditamineti ukipoteza kipande unashuka kiwango na bado huenda ukasimama. Ndiyo sababu tunaupenda kwenye matetemeko, nasi hapa tunakaa kwenye Bonde la Ufa: lile la tarehe 5 Desemba 2005 chini ya Ziwa Tanganyika lilikuwa na ukubwa wa 6.8. Fremu ikizidiwa kwenye kiungo, chuma kinanyooka, kiungo kinageuka kuwa bawaba inayokwaruza, na mzigo unahamia kiungo kingine. Fremu ya kiwango cha 3 inahitaji bawaba nne kabla ya kuanguka nzima. Bawaba tatu za kwanza ni muda wa kutoka nje. Sharti ni ringi (nondo nyembamba zinazozungushiwa nondo kuu) zifungwe karibu karibu kwenye viungo. Zege lisilo na ringi halikungoji, linapasuka.

Joto linahusikaje?

Chuma cha mita 30 kikipata nyuzi 30 zaidi kinarefuka kama milimita 11. Kikiwa na rola upande mmoja, kinarefuka na kunyamaza. Kikikazwa pande zote mbili, kinajikandamiza kwa takriban megapaskali 72 (nyutoni 72 kwa kila milimita ya mraba), na hapo urefu haujalishi tena, hata kipande cha mita moja kitapata hizohizo. Wenye maghala ya tumbaku kule Urambo na Tabora mjini, mkijenga paa la chuma refu, acheni tundu refu kwenye bolti za upande mmoja. Na ukivuka daraja lolote refu barabara ya Tabora, sikiliza mlio mfupi wa tairi mwanzoni na mwishoni. Hapo ndipo pameachwa nafasi ya kupumua.

Meli kama Liemba ina maegemeo mangapi?

Kijana wa Bangwe aliniuliza hili kwa utani, nikalala nikiliwaza.

Ikielea, haina hata moja, na bado ni ditamineti. Maji yanasukuma kila sehemu kwa kadiri ilivyozama, kwa hiyo ukijua imezama kiasi gani na imeinama kiasi gani kuelekea mbele au nyuma, msukumo wote umeujua. Visivyojulikana viwili, milinganyo miwili. Ikipandishwa nchi kavu juu ya magogo, kila gogo ni egemeo, nayo inakuwa inditamineti kupindukia. Gogo moja likibonyea, majirani yake wanalipa. Liemba yenyewe ilifika Kigoma ikiwa vipande kutoka Papenburg, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini Februari 1915. Magogo yake yalikaaje, ningetoa mengi kuyaona.

(Meli kutopinduka ni somo jingine. Neno uthabiti ni lilelile, hesabu siyo.)

Kuweka X badala ya mshazari mmoja ni kosa?

Hapana. Ni ziada ya kiwango kimoja kwa kila X. Ikiwa ni vyuma vyembamba vinavyoweza kuvuta tu, kinachosukumwa kinalegea, unabaki na kimoja kinachofanya kazi, na unaruhusiwa kuhesabu hivyo.

Kenchi zangu zote kumi zilikuwa sahihi. Zimelala zote kwa pamoja usiku. Imekuwaje?

Hili lilinikuta mwenyewe, kwenye ghala moja la Ujiji, miaka ya mwanzo. Nilikagua kenchi moja moja kwenye karatasi, m + r sawa na 2j, nikasaini. Papi (mbao za kupigilia bati) zilikuwa hazijapigwa, mafundi wakaenda nyumbani. Upepo ulivuma kutoka ziwani kabla ya alfajiri. Asubuhi zilikuwa zimelaliana kama vitabu kwenye rafu isiyo na kizuizi, hakuna ufito hata mmoja uliovunjika.

Karatasi ina mielekeo miwili tu. Kenchi ilikuwa thabiti ndani ya karatasi, na nje ya karatasi haikuwa na kitu. Tangu hapo kenchi ya kwanza inapopandishwa nataka ishikiliwe kwa mihimili ya muda hadi chini, ya pili ifungwe kwenye ya kwanza, na mishazari ya kati ya kenchi na kenchi ipigwe kabla ya mtu kwenda kula. Papi peke yake hazitoshi, maana kenchi na papi pamoja ni miraba mitupu ileile.

Programu ya kuhesabu miundo inasema matriki ni singula (milinganyo haina jibu moja). Nifanye nini?

Inakwambia, kwa ukali wake, kwamba kuna kitu kinaweza kusogea bila kupingwa. Usikimbilie kuongeza egemeo hadi ujumbe uondoke. Tafuta kinachosogea: fundo ambalo pande zote umeliwekea bawaba, nguzo isiyofika kwenye boriti kwa milimita mbili za mchoro, jengo zima lililosahauliwa kuzuiwa pembeni. Programu nyingine haikatai. Inakupa jibu, na jibu ni kwamba paa limehama kilomita nne. Kijana mmoja aliniletea la namna hiyo akiwa amepaka rangi vizuri na kuchapisha. Nikamuuliza paa limefika wapi. Akapiga hesabu, akasema Katonga.

Tulikuta bawaba moja imezidi.